Mkataba wa hali bora: mwongozo wa kamati ya tawi, kuanzia kadi ya kwanza hadi malimbikizo ya mwisho

Majadiliano mengi huharibika kabla ya pande mbili kuketi. Kamati ya tawi la chama cha wafanyakazi inafika mezani na madai ya haki, lakini orodha yake ya wanachama ina majina ya watu walioacha kazi mwaka uliopita, hakuna aliyepiga hesabu ya gharama ya madai hayo, na katibu wa tawi ana barua ya onyo ambayo hakuijibu. Mwajiri anaviona vyote vitatu. Anajua akivuta muda kidogo tawi litachoka.

Mwongozo huu ni wa kamati inayotaka kufika mezani ikiwa imejiandaa, na kubaki na mkataba unaotekelezwa. Kulinda haki za chama na kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, ni kazi moja: mwakilishi anayeweza kufukuzwa kesho hawezi kukataa pendekezo baya leo.

1. Jueni kinga yenu iko wapi

Msingi wa kimataifa umeandikwa kwenye mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ILO. Inayohusika zaidi si mingi, na kila mjumbe wa kamati aisome mwenyewe.

Mkataba Na. 87 wa mwaka 1948 unawapa wafanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho bila kuomba kibali kwanza, kujiwekea katiba yao na kuchagua viongozi wao kwa uhuru. Pia unakataza chama kufutwa au kusimamishwa kwa amri ya mamlaka ya utawala. Mkataba Na. 98 wa mwaka 1949 ndio mtakaoutumia mara nyingi zaidi. Unamlinda mfanyakazi asinyimwe kazi, asifukuzwe wala asidhuriwe kwa sababu ya uanachama au shughuli za chama, unakataza mwajiri kuanzisha au kufadhili chama kibaraka, na unaitaka serikali ichochee majadiliano ya hiari. Mkataba Na. 135 wa mwaka 1971, ukisomwa pamoja na Pendekezo Na. 143 la mwaka huohuo (Pendekezo la ILO ni mwongozo, halifungi nchi kama Mkataba), unahusu wawakilishi wa wafanyakazi na nyenzo wanazostahili kupewa kazini. Watumishi wa umma wana Mkataba Na. 151 wa mwaka 1978. Mkataba Na. 154 wa mwaka 1981 unahusu majadiliano ya pamoja yenyewe, na Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982 unasema wazi kwamba uanachama wa chama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Angalieni ni ipi kati ya hiyo nchi yenu imeiridhia. ILO inatangaza orodha hiyo hadharani. Kisha fungueni sheria ya kazi ya nchi na mtoe humo mambo manne, myaandike kwenye karatasi moja ya kubandikwa ndani ya faili la tawi:

- kiwango cha wanachama kinachomlazimu mwajiri kutambua chama, na kinahesabiwa kwenye kundi lipi;
- siku za mwisho za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali;
- utaratibu na muda wa taarifa kabla ya mgomo;
- ofisi ambako mkataba wa hali bora husajiliwa au kuwekwa ili uwe na nguvu ya kisheria.

La pili ndilo linalopoteza kesi nyingi. Mtu anafukuzwa, anaahidiwa kwamba "mambo yatazungumzwa", anasubiri kwa adabu, na siku zinapita. Mazungumzo na mwajiri kwa kawaida hayasimamishi saa ya sheria. Pelekeni lalamiko, halafu mzungumze.

2. Chora ramani ya mahali pa kazi

Chukueni daftari, si kompyuta ya kampuni. Gaweni eneo la kazi kwa idara, zamu na jengo. Kwa kila mtu andikeni aina ya ajira (ya kudumu, ya muda maalumu, kibarua, aliyeletwa na wakala), kama amejiunga, na nani anayemsikiliza. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kila idara ina mtu ambaye wenzake humwuliza wakipatwa na jambo, na mara nyingi si yule anayepaza sauti mkutanini. Mkimpata huyo, idara inakuja.

Ramani itaonyesha mashimo. Tawi lenye wanachama wengi zamu ya asubuhi na wachache usiku ni dhaifu, hata kama jumla inapendeza, kwa sababu mwajiri ataendesha kazi na zamu ya usiku. Vivyo hivyo tawi linalowaacha nje vibarua na wafanyakazi wa wakala: siku ya mvutano hao ndio watakaoletwa kujaza nafasi. Mkataba Na. 87 unasema wafanyakazi wote bila ubaguzi wowote, na unaruhusu sheria ya nchi kuweka utaratibu tofauti kwa majeshi na polisi tu. Waingizeni vibarua na wafanyakazi wa wakala tangu mwanzo, na madai yao yaingie pamoja nao.

Pale ambapo sheria inadai wingi wa nusu na zaidi, msipeleke ombi mkiwa na asilimia 51. Mwajiri atahakiki fomu moja moja. Zitatolewa zisizo na saini, za walioacha kazi, za wasimamizi wasiohesabiwa kwenye kundi la majadiliano (wafanyakazi ambao chama kinajadiliana kwa niaba yao), na zenye jina lisilofanana na la orodha ya mishahara. Baada ya hapo 51 inakuwa 46. Lengo la busara ni kati ya 65 na 70. Kila fomu iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya mshahara, namba ya ajira, idara, tarehe na saini, na nakala moja ikae nje ya eneo la kazi.

Kuhusu makundi ya simu: yatumieni kutangaza mikutano, si kupanga mikakati. Kundi la watu 80 lina angalau mmoja anayemwonyesha msimamizi ujumbe, pengine kwa kuogopa tu kupoteza kazi.

3. Walindeni wawakilishi kabla hawajaguswa

Hapa ndipo kamati nyingi huchelewa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Amueni lini majina ya kamati yatajulikana. Katika hatua ya kuandikisha wanachama, usiri unasaidia. Lakini mtu akifukuzwa wakati bado ni siri, mwajiri atajitetea kwamba hakujua kama ni kiongozi, na utetezi huo una nguvu. Kwa hiyo mara tu idadi ya wanachama inapofika ya kutosha, mwandikieni mwajiri barua yenye majina na vyeo vya wajumbe wote, na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, tumeni kwa rejista ya posta au kwa barua pepe ya ofisi, na shahidi wawili waandike lini na nani alikataa. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wenu wa kwanza.

Kila mjumbe afungue faili lake nyumbani: mkataba wa ajira, hati za mishahara, tathmini za kazi za miaka iliyopita, barua zote, na kumbukumbu ya matukio. Kumbukumbu iandikwe siku ileile: tarehe, saa, mahali, nani alisema nini kwa maneno yake, nani alikuwepo. "Meneja alinitisha" haisaidii chochote mbele ya msuluhishi. "Meneja wa zamu aliniambia mbele ya fundi wawili kwamba wanaochezea chama hawataongezewa mkataba" inasaidia sana.

Mjumbe ajichunge kazini. Afike kwa wakati, aombe ruhusa kwa maandishi, asitumie gari, mashine ya nakala wala saa za kazi kwa shughuli za chama bila idhini. Mkataba Na. 98 unalinda shughuli zinazofanyika nje ya saa za kazi, au ndani ya saa za kazi kwa ridhaa ya mwajiri, na mwajiri mwerevu hamfukuzi mtu kwa sababu ya chama. Anasubiri achelewe dakika kumi. Kila onyo lijibiwe kwa maandishi, kwa heshima, hata kama ni dogo, maana maonyo yasiyojibiwa hukusanywa.

Shinikizo huja kwa sura nyingi, na baadhi zinafanana na zawadi. Mjumbe hodari anapandishwa cheo kuwa msimamizi, hivyo anatoka kwenye kundi la majadiliano. Mwingine anahamishiwa kituo cha mbali. Wa mkataba wa muda haongezewi. Au kunatangazwa upunguzaji wa wafanyakazi na majina yanaangukia upande mmoja. Katika hali hii ya mwisho hesabu inasema kuliko hotuba. Tuseme eneo lina watu 120 na wanachama ni 30. Wanapunguzwa 12, na tisa kati yao ni wanachama. Kwa wanachama ni 9 kati ya 30, asilimia 30. Kwa wasio wanachama ni 3 kati ya 90, asilimia 3 na kidogo. Mwanachama amekuwa katika hatari mara tisa ya mwenzake. Wekeni jedwali hilo mezani, kisha ombeni vigezo vya uteuzi kwa maandishi na alama za kila mtu. Pendekezo Na. 143 linataka wawakilishi wapewe kipaumbele cha kubakizwa wakati wa kupunguza wafanyakazi.

Mjumbe akifukuzwa, fuateni mpangilio huu:

Siku ileile asitie saini kitu chochote, hasa karatasi ya "makubaliano ya kuachana" au risiti inayosema amelipwa haki zake zote. Akilazimishwa kupokea barua, aandike juu yake "nimepokea, sikubaliani" pamoja na tarehe. Aombe sababu kwa maandishi. Ndani ya siku mbili tatu kusanyeni maelezo ya mashahidi kabla hawajaanza kuogopa. Tafuteni wafanyakazi wengine waliofanya kosa hilohilo na walichofanyiwa. Kama yule asiye mwanachama alipewa onyo na mjumbe akafukuzwa, mna kesi. Lalamiko lipelekwe mapema, na liombe arudishwe kazini na kulipwa mshahara wa muda wote aliokuwa nje. Wengi huomba fidia tu kwa sababu inaonekana rahisi kupatikana. Lakini mwajiri aliyelipa fidia amenunua tawi lisilo na kiongozi, na mara nyingi kwa bei ndogo. Pendekezo Na. 143 linataja kurudishwa kazini, na pia linapendekeza kwamba mwajiri ndiye athibitishe kuwa alikuwa na sababu halali. Tumieni hoja hiyo hata pale sheria ya nchi haijaiweka wazi.

Wakati wote huo wanachama wachangie kumsaidia. Tawi linalomwacha mjumbe wake na njaa halitapata mjumbe mwingine jasiri.

4. Kutambuliwa na makato ya ada

Ombi la kutambuliwa liwe barua fupi: jina la chama na namba ya usajili, kundi mnalotaka kuliwakilisha, idadi ya wanachama, na tarehe mnayopendekeza kukutana. Msiambatishe majina kama sheria haidai. Ikidai uhakiki, ombeni ufanywe na afisa wa kazi au mtu mwingine asiye na upande.

Makubaliano ya utambuzi yataje mambo ambayo baadaye huleta ugomvi: muda wa ruhusa ya wawakilishi bila kukatwa mshahara, haki ya kuingia idara zote, ubao wa matangazo, mahali pa kukutana, na siku ambazo mwajiri lazima ajibu barua. Makato ya ada yaidhinishwe na kila mwanachama kwa saini, yapelekwe chama kabla ya tarehe maalumu ya kila mwezi, na orodha ya waliokatwa iambatane nayo. Orodha hiyo ndiyo hesabu halisi ya nguvu yenu, isomwe kila mwezi. Mwajiri akiamua siku moja kusimamisha makato ili kuwabana, tawi lisilo na njia nyingine ya kukusanya ada litayumba. Mweka hazina awe na utaratibu wa akiba ulioandaliwa mapema.

5. Madai yatoke kwa wanachama

Andaeni dodoso la ukurasa mmoja, maswali yasiyozidi kumi, na mtu mmoja kwa kila watu kumi hadi kumi na watano wa kulizungusha na kulirudisha. Ulizeni mambo yanayoumiza, si "mnataka nyongeza kiasi gani", kwa sababu jibu la hilo mnalijua. Fanyeni kikao tofauti na wanawake na kingine na zamu ya usiku. Usafiri wa kurudi nyumbani usiku, choo kinachofungika, muda wa kunyonyesha na udhalilishaji wa kijinsia huwa havitajwi mkutano mkuu ukiwa umejaa wanaume, ilhali ni madai yanayoweza kushinda haraka. Kuhusu ukatili na udhalilishaji kazini mna Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019 wa kuuegemea.

Pangeni madai mafungu matatu: yasiyoachwa, ya kupigania, na ya kubadilishana. Fungu la kwanza lisizidi matano. Mkutano mkuu upige kura kuyapitisha na kueleza mamlaka ya timu itakayokwenda mezani: inaweza kukubali nini yenyewe, na nini lazima kirudi kwa wanachama. Kila mtu ajue kwamba fungu la tatu lipo, lakini yaliyomo yabaki ndani ya timu.

6. Hesabu

Mwajiri atakuja na mhasibu. Nanyi muwe na mtu anayejua kuzidisha na kugawanya kwa utulivu, na anayejua mitego minne.

Wa kwanza ni mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 8 mwaka wa kwanza na 6 wa pili, jumla si 14. Ni 1.08 × 1.06 = 1.1448, yaani asilimia 14.48. Aliyekuwa akipata 500 anahitaji 572.40 ili anunue alichokuwa akinunua. Mwajiri akitoa asilimia 10 na kuiita nyongeza, mshahara unakuwa 550, na thamani yake ni 550 ÷ 1.1448, kama 480 ya zamani. Mfanyakazi amepoteza asilimia 4 na ameambiwa ashukuru.

Wa pili ni asilimia dhidi ya kiasi sawa. Chukueni watu 60 wanaopata 400, watu 30 wanaopata 600 na watu 10 wanaopata 1,500. Jumla ya mishahara ni 57,000. Nyongeza ya asilimia 10 inagharimu 5,700: wa chini anapata 40, wa juu 150. Fedha hizohizo zikigawanywa sawa, kila mtu anapata 57. Kwa wa chini ni asilimia 14.25, kwa wa juu 3.8. Njia ya kati ni asilimia 5 kwa wote na 28.50 sawa kwa kila mmoja. Gharama ni ileile 5,700, wa chini anapata 48.50 na wa juu 103.50. Mwajiri hana sababu ya kifedha ya kukataa lolote kati ya hayo, kwa hiyo uamuzi ni wenu, na ufanywe kabla ya mazungumzo. Kamati ikigawanyika mezani juu ya hili, imekwisha.

Wa tatu ni posho. Mwajiri hupenda kutoa posho au malipo ya mkupuo kuliko kuongeza mshahara wa msingi, kwa sababu mchango wa hifadhi ya jamii, saa za ziada na kiinua mgongo mara nyingi huhesabiwa kwenye msingi. Mkupuo pia hauna kizazi: mwaka ujao asilimia itaanzia palepale pa zamani. Posho ikikubaliwa kwa shida ya mwaka huu, iandikwe tarehe ya kuingizwa kwenye msingi.

Wa nne ni kigawanyo cha saa za ziada, na huu huiba kimyakimya miaka kwa miaka. Kwa wiki ya saa 45, mwezi una 45 × 52 ÷ 12, yaani saa 195. Mshahara wa 585 ni 3 kwa saa, na saa ya ziada kwa moja na nusu ni 4.50. Mhasibu akigawa kwa siku 30 za saa 8, anapata saa 240, na saa ya ziada inashuka hadi 3.66. Kigawanyo kiandikwe ndani ya mkataba kwa tarakimu.

Ombeni taarifa za mwajiri mapema na kwa barua: idadi ya wafanyakazi kwa ngazi, jumla ya mishahara, saa za ziada za miezi 12, hesabu zilizokaguliwa. Pendekezo Na. 163 la mwaka 1981 linataka mwajiri atoe taarifa za hali ya kiuchumi na kijamii zinazohitajika kwa majadiliano yenye maana, na yeye anaweza kuomba zinazohatarisha biashara zitunzwe kwa siri. Anayesema "hatuna uwezo" na kukataa kufungua vitabu, maneno yake yaandikwe kwenye muhtasari hivyohivyo. Mbele ya msuluhishi yatamrudia.

7. Mezani

Watu watano hadi saba wanatosha. Awepo msemaji mmoja, mwandishi anayenukuu wakati wote, mtu wa hesabu, na angalau mwanamke mmoja na mmoja kutoka kundi la ajira za muda. Asiyekuwa msemaji hasemi bila kuombwa na msemaji. Akiona jambo, anampa kikaratasi. Mkihitaji kushauriana, ombeni mapumziko. Hakuna aibu kutoka nje mara nne kwa kikao.

Kikao cha kwanza ni cha kanuni tu: tarehe za vikao vyote, mahali, nani anatunza muhtasari, namna ya kutoa taarifa kwa wanachama, na kanuni moja isiyosahaulika kwamba hakuna kipengele kilichokubaliwa mpaka vyote vikubaliwe. Bila hiyo mtajikuta mmeachia masharti ya nidhamu wiki ya kwanza na nyongeza haijaguswa. Muhtasari wa kila kikao utiwe saini kabla ya kuanza kinachofuata.

Msitoe punguzo mara mbili mfululizo bila mwajiri kusogea. Kila mkisogea, fungeni na sharti: "tukishuka hadi asilimia 12, usafiri wa usiku unaanza mwezi ujao." Na msikubali sentensi ya "tutaliangalia". Ulizeni nani ataliangalia, lini, na atajibu kwa njia gani.

Dalili za nia mbaya ni hizi: kutuma watu wasio na mamlaka ya kuamua, kuahirisha bila tarehe mpya, kurudi nyuma kwenye yaliyokubaliwa, na kuwapelekea wafanyakazi mmoja mmoja pendekezo ambalo chama kimelikataa. Ziandikieni barua zinapotokea, msisubiri kuzimwaga zote siku ya mgogoro.

8. Mkikwama

Tenganisheni aina ya mgogoro. Mkigombania haki iliyokwisha kuandikwa katika sheria au mkataba, njia yake kwa kawaida ni usuluhishi na kisha uamuzi au mahakama. Mkigombania maslahi mapya, kama nyongeza ya mwaka ujao, njia ni usuluhishi na kisha shinikizo. Nchi nyingi zinakataza mgomo kwa aina ya kwanza, na tawi linalochanganya mawili hayo linaweza kujikuta limegoma kinyume cha sheria huku likiwa na dai la haki kabisa.

Kwa msuluhishi nendeni na kurasa mbili: yaliyokubaliwa, yaliyobaki, pendekezo la mwisho la kila upande na tarakimu zake. Pendekezo Na. 92 la mwaka 1951 linahimiza pande zote zijizuie kugoma na kufungia wafanyakazi nje wakati usuluhishi unaendelea. Mwajiri akitumia muda huo kuleta watu wapya au kubadili masharti, mwambieni msuluhishi siku hiyohiyo.

Neno mgomo halimo kwenye Mkataba Na. 87, ingawa vyombo vya usimamizi vya ILO vimekuwa vikiuona kuwa sehemu ya uhuru wa kujumuika kwa miongo mingi. Agano la Kimataifa la Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni la mwaka 1966 linautaja waziwazi katika kifungu cha 8, kwa kufuata sheria za nchi. Huduma muhimu, kwa maana kali ya ILO, ni zile ambazo kukatika kwake kunahatarisha uhai, usalama au afya: hospitali, umeme, maji, uongozaji wa ndege, zimamoto. Benki, shule na usafiri kwa jumla havimo. Serikali ikivijumuisha vyote katika orodha ndefu, hapo pana hoja ya kupinga.

Kura ya mgomo iwe ya siri, karatasi zihesabiwe mbele ya mashahidi na kutunzwa. Taarifa ipelekwe ikiwa na siku zote zinazotakiwa, hata moja isipungue. Kila zamu iwe na mtu wa kuzuia fujo, na mitambo inayoweza kuua mtu ikiachwa iwe na walinzi mliokubaliana nao kwa maandishi. Piga hesabu ya mfuko: familia zinaweza kukaa siku ngapi bila mshahara? Jibu hilo ndilo linalopanga lini muanze.

9. Kuandika mkataba

Maneno laini yaondolewe. "Mwajiri atajitahidi" hakudaiki mahakamani, "mwajiri atalipa kabla ya tarehe 5" kunadaika. Kila haki iwe na kiasi, tarehe na mtu anayewajibika.

Tarehe ya kuanza isichanganywe na tarehe ya saini. Nyongeza ya asilimia 6 iliyocheleweshwa miezi sita bila malimbikizo ni sawa na asilimia 3 kwa mwaka huo, kwa hiyo andikeni kwamba inaanzia tarehe fulani na malimbikizo yatalipwa kwenye mshahara wa mwezi fulani. Mkataba wa miaka miwili uwe na nyongeza ya mwaka wa pili, au kifungu cha kufungua mazungumzo ya mshahara mfumuko wa bei ukivuka kiwango mlichotaja.

Wekeni kifungu kinachosema masharti yanaendelea mpaka mkataba mpya utiwe saini. Kikikosekana, siku mkataba unapoisha mwajiri anaweza kudai kwamba haki zote zimeisha nao, na hapo mtajadiliana mkiwa mmepigwa magoti. Andikeni pia kwamba mkataba binafsi wenye masharti duni kuliko huu hauna nguvu, ila wenye masharti bora unabaki. Ndivyo Pendekezo Na. 91 la mwaka 1951 linavyoelekeza.

Utaratibu wa malalamiko uwe na ngazi na siku: msimamizi siku 3, meneja siku 5, kikao cha chama na menejimenti siku 10, kisha msuluhishi wa nje. Ngazi ikipitwa bila jibu, lalamiko lipande lenyewe.

Kabla ya saini, someni rasimu ya mwisho neno kwa neno mkilinganisha na mihtasari. Wanachama wapige kura. Kisha sajilini.

10. Baada ya saini

Mshahara wa kwanza chini ya mkataba mpya ukitoka, kusanyeni hati za watu kumi kutoka ngazi na zamu tofauti, mzikague kwa kikokotoo: msingi, saa za ziada, makato, malimbikizo. Makosa ya mwezi wa kwanza yakinyamaziwa hugeuka desturi. Kila mwakilishi awe na nakala ya mkataba kwa lugha ambayo wanachama wake wanaisoma, na daftari la malalamiko lenye tarehe ya kuingia na ya kujibiwa.

Haki za chama zenyewe zikivunjwa na njia za ndani hazisaidii, kuna Kamati ya Uhuru wa Kujumuika ya ILO, iliyoundwa mwaka 1951. Haipokei lalamiko la mtu binafsi. Linaletwa na chama cha taifa chenye maslahi ya moja kwa moja au na shirikisho la kimataifa. Huelekezwa dhidi ya serikali, hata kama aliyetenda ni mwajiri, kwa kuwa serikali ndiyo inayopaswa kulinda haki hiyo, na linapokelewa hata nchi ikiwa haijaridhia Mikataba Na. 87 na 98. Liwe kwa maandishi, lisainiwe na kiongozi mwenye mamlaka, liambatane na ushahidi. Kesi zinazogusa uhai au uhuru wa watu, kama viongozi waliokamatwa, hupewa kipaumbele. Hapo ndipo barua yenye muhuri na daftari la matukio mlivyoanza navyo vitakapohitajika, kwa hiyo nakala zake zihifadhiwe makao makuu ya chama pia.

Na miezi sita kabla ya mkataba kuisha, ramani ya wanachama ichorwe upya, dodoso litoke, na barua ya kuomba taarifa za mishahara iwe imekwishafika kwa mwajiri.